Kopo A, Kopo B na Kikombe cha Mama

Jumatatu, 3 Machi

Wagonjwa wa mwisho wamerudisha makopo yao leo. Utafiti wa mwaka mzima — umekwisha! Tangu asubuhi niko chumba cha dawa nahesabu vidonge vilivyobaki. Vyote vya sukari. Kopo moja ni sukari iliyonyunyiziwa dawa ya homeopathi ya kipandauso. Kopo la pili ni sukari ambayo haikunyunyiziwa chochote. A ni lipi na B ni lipi — sijui mimi, hajui Bosi, hajui mgonjwa, na wagonjwa wote walikubali kutojua kabla hatujaanza. Siri iko kwa mtu mmoja wa nje ambaye haturuhusiwi hata kumsalimia. Ndivyo kazi inavyotaka.

Maabara waliwahi kupelekewa makopo yote mawili wayatofautishe. Jibu: sukari na sukari. Wakauliza kama tunawatania.

Mimi ni mfamasia. Nimesoma nikavaa joho. Nahesabu pipi!

Nyumbani sasa si pa kucheka. Mama mkwe ameacha vidonge vya presha. Ameacha kabisa! Anakunywa matone ya Bwana Matone, yuleyule mwenye dawa tunayoipima kazini, ambaye kliniki yake ina mazulia mazito na chemchemi ya umeme mlangoni. Leo nimempima: 182 kwa 104. Nikamkumbusha dada yake, aliyeanguka bafuni kwa kiharusi asiamke tena. Mama kasema dada aliuawa na vidonge. Sikio la kufa halisikii dawa. Naogopa. Naogopa kweli, kwa sababu huyu mwanamke nampenda hata anaponichosha.

Jumatano, 5 Machi

Bwana Matone kaja ofisini kukagua makopo yaliyorudi. Suti ya rangi ya krimu, viatu visivyotoa sauti. Kaomba simu zizimwe, kahawa ya Bosi itolewe chumbani, na yeyote aliyekula kitunguu asimame mbali, eti harufu huua dawa. Mhasibu akatoka mwenyewe.

Nikamuuliza kwa adabu, dawa anaizimua mara ngapi? Akasema tone moja kwenye maji, kisha tone la maji hayo kwenye maji mengine, hivyo hivyo mpaka isibaki hata chembe. Hapo ndipo inakuwa kali. Na kila hatua chupa lazima igongwegongwe kwenye mto wa ngozi ili maji yakumbuke. Na kwa nini azimue kitu kinachoumiza kichwa ili kitibu kichwa? "Dawa ya moto ni moto," akasema. Nikasema kwetu moto tunauzima kwa maji. Akatabasamu — basi na yeye anatumia maji!

Sikukoma. Nikauliza, haya maji ya bomba yamepita kila mahali, mbona hayakumbuki vyoo? Akajibu kwamba yanakumbuka yale tu yaliyogongwa. Bosi alikohoa mpaka akatoka nje.

Jumapili, 16 Machi

Presha ya Mama: 136 kwa 84.

Nimepima tena. Mkono mwingine. Vilevile! Nimejipima mwenyewe — yangu ndiyo imepanda. Nimempima mume wangu, akacheka kabla sijamaliza kumfunga mkanda. Mashine ni nzima.

Mama kaimba kutoka sebuleni mpaka jikoni. Haba na haba hujaza kibaba, anasema. Kisha kanishika bega kwa huruma: nisione haya, hata wasomi hufundishwa. Kaenda kumpigia simu kila anayemjua. Mimi nikabaki na mashine mapajani, namfikiria Bwana Matone na maji yake yenye kumbukumbu, na kwa dakika kadhaa — siwezi kumwambia mtu — nilikaribia kuamini.

Jumanne, 18 Machi

Nimejua!

Niliingia jikoni kuweka chai. Mume wangu kasimama mbele ya kikombe cha maji, kile anachompelekea Mama kila asubuhi adondoshee matone yake. Anasaga kitu kwa mgongo wa kijiko. Kuniona tu, akakipuliza kijiko kuficha ushahidi. Unga mweupe ukamrudi puani. Akapiga chafya tatu.

Kidonge cha presha. Kilekile alichoandikiwa Mama na daktari wake, kipimo kilekile. Anafanya hivyo tangu ile siku niliyotaja habari za dada mtu bafuni. Kasema hakulala siku ile.

Tumegombana kwa kunong'ona maana Mama yuko chumba cha pili. Nikasema kumpa mtu dawa bila yeye kujua ni mwiko, ningeweza kufutwa kazi.

"Kwani nyinyi huko kazini mnawapa watu nini? Si hamuwaambii!"

"Wale walikubali kutojua. Mama hakukubali."

"Ulitaka akubali nini? Jeneza?"

Mama akaita — maji yake yako wapi leo, au chemchemi imekauka? Mume wangu akanitazama. Mimi nikatazama kikombe. Nikamwambia akoroge vizuri, usibaki unga chini.

Nimesema hivyo mimi. Mfamasia!

Jumapili, 23 Machi

Mume wangu alisafiri kikazi siku kadhaa, kaniachia zamu ya kikombe. Mkono wangu ulikataa. Nikawa nampelekea Mama maji matupu, nikajiona mwaminifu kuliko watu wote wa jengo hili.

Leo 166 kwa 98. Nimeingiwa na hofu, halafu, Mungu anisamehe, nikafurahi kidogo: sasa Mama ataona matone si kitu! Wapi. Bwana Matone kamweleza kwenye simu kwamba dawa ikianza kufika penyewe, hali hupanda kwanza ndipo itulie. Kampongeza. Kwa hiyo presha ikishuka ni matone. Ikipanda ni matone. Ikisimama palepale yatakuwa matone yamekaa kupumzika.

Kesho mume wangu anarudi kwenye kijiko chake. Sijamkataza.

Alhamisi, 27 Machi

Siri imefunguliwa. A ilikuwa dawa, B sukari tupu. Waliomeza A, kipandauso kimepungua. Waliomeza B, kimepungua vilevile. Mama mmoja wa kopo B alipiga simu juzi analia, anaomba tusimkatie — maishani mwake hajapata dawa kama ile!

Bosi katuweka chini akaeleza. Zipo tafiti nyingi zinazoisifu homeopathi, lakini nyingi ni ndogo na zimefanywa ovyo. Ukija kwenye zile kubwa, zilizofanywa kwa makini, tofauti inapungua, inazidi kupungua, mpaka huwezi kuitenga na sukari. Utafiti wetu umekwenda njia hiyohiyo. Watu wanapata nafuu, ndiyo. Kichwa huuma kikaacha chenyewe, na mtu akisikilizwa na kutumaini hujisikia vizuri. Lakini dawa ya kwenye kopo haikuongeza kitu.

Bwana Matone hakutikisika. Kwanza akasema makopo B yalikaa rafu moja na makopo A, yakajifunza. Halafu akasimama kabisa, akafunga kifungo cha koti. Akasema ushahidi nao ni kama dawa, kadiri unavyopungua ndivyo unavyokuwa mkali! Mhasibu akapiga makofi, kisha akagundua yuko peke yake.

Jumatano ijayo tunatangaza matokeo kwenye ukumbi, mbele ya watu wote. Bwana Matone naye amepewa nafasi. Hataleta tafiti, kasema. Ataleta shahidi mmoja, mama mtu mzima, na atatosha. Nikavuta kiti nikakaa.

Jumamosi, 29 Machi

Ndiyo. Shahidi ni Mama. Gauni liko kwa fundi.

Lakini hilo si kitu. Leo nimemkuta jirani wa ghorofani, rafiki mkubwa wa Mama, kashika ukuta kwenye ngazi, anahema. Nikamwingiza ndani nikampima. 198 kwa 112! Vidonge vyako? Kaviacha. Siku nyingi. Mama anammiminia matone kutoka chupa yake mwenyewe, bure, kwa upendo, na yeye anayanywa asubuhi kwa maji yake mwenyewe. Maji yasiyo na mtoto mwenye kijiko.

Nimempeleka hospitali mwenyewe. Wamemrudisha kwenye vidonge, wamemwonya. Tunarudi, ananiambia ataviweka kwenye droo. Mwenzake presha imeshuka kwa matone, yeye damu yake ina nini? Nikamwapia, matone ni maji tu. Akasimama njiani akaniuliza taratibu: basi mwenzangu kashushwa na nini?

Nikamwambia aangalie magari. Mwanamke anaweza kuanguka pale pale — nami namwonyesha magari!

Nimemwambia mume wangu tuseme leo. Kakamata kichwa kwa mikono miwili. Mama akijua, anasema, hatapokea tena hata maji kutoka kwake, atanuna, atabaki na matone matupu, na tutamzika akiwa amenuna. Tungoje mkutano upite. Nikamuuliza, na yule wa ghorofani tungoje apite pia? Akazima taa. Njia ya mwongo ni fupi, na yetu imefika mlangoni kwa jirani.

Jumatano, 2 Aprili

Naandika chooni. Choo cha ukumbi, cha pili kutoka mlangoni. Bahati daftari hili huwa kwenye mkoba, la sivyo ningeandika ukutani pamoja na wengine.

Bosi kaanza yeye. Kaeleza vizuri, na michoro yake, kopo A, kopo B, hakuna tofauti. Watu wakasinzia. Mzee wa mstari wa tatu alikoroma kwa haki kabisa.

Kisha Mama. Gauni la bluu, maikrofoni ikapiga yowe alipoishika. Kasema yeye hana michoro. "Mimi ndiyo utafiti!" Ukumbi mzima ukaamka, hata yule mzee. Kaeleza presha ilikuwa wapi, imefika wapi, na kwamba hajagusa kidonge tangu aanze matone. Bwana Matone kakaa nyuma yake, mikono tumboni. Jirani wa ghorofani yuko mstari wa mbele, uso umevimba, jasho linamtoka na kiyoyozi kinafanya kazi. Kichupa mkononi. Nikageuza shingo — wanawake wengine wawili wa jengo letu. Vichupa mkononi!

Halafu nikasikia Mama anasema yupo aliyekuwa akimpima kila Jumapili. Msomi, wa upande wa utafiti huohuo, si wa Bwana Matone. Mkamwana wake. Apande aseme mwenyewe!

Makofi. Bosi kageuka polepole kunitazama, hajui acheke au aite mlinzi. Mume wangu kaanza kusoma tangazo la nini cha kufanya moto ukitokea. Kalisoma kwa bidii.

Nikasema naomba kwanza niende chooni.

Meseji ya mume wangu: sema mashine ilikuwa mbovu. Nyingine: au zimia, mimi nitakubeba.

Mtu anabisha hodi.

Ni Mama. Anauliza tumbo limenishika? Matone anayo hapa, nifungue. Nimesema asante Mama, hapana.

Sasa sauti iko karibu kabisa na mlango, ya chini, si ile ya jukwaani. Anasema nisiwaogope watu wale. Anasema Bwana Matone mwenyewe hamwamini sana, anasema sana yule, na mazulia yale ni ya nini kwenye nyumba ya wagonjwa. Anasema mwanzoni yale matone aliyatilia shaka, na alikuwa anarudi kwenye vidonge vyake. Alishavitoa droo.

"Ila ulipopima wewe, mwanangu, mikono yote miwili, nikavirudisha. Na jirani nilimwambia hivyo hivyo. Mkamwana wangu kapima. Huyu hawezi kunidanganya."

Herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto. Huko nje spika ya ukumbi inaniita kwa jina na kwa cheo. Mara ya pili sasa. Mama anauliza kama nalia.

Nimefungua komeo. Ameingia na gauni lake, kichupa kimoja, maikrofoni isiyo na waya bado anayo mkononi, taa yake inawaka. Kabla sijamwambia habari ya kikombe, nitamwomba akae. Hakuna kiti humu, kuna choo tu. Nafunika kifuniko, napangusa, namwambia akae hapa Mama, na hiyo maikrofoni kwanza tuizi—