Kiti cha Mbele ni cha Aliyechoka

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu ulipotuachia funguo za gari tubishane wenyewe. Mimi mwanao wa katikati ndiye niliyepewa kuandika haya. Wengine wamesema wamechoka, na hakimu wa kuwapinga hayupo.

Wiki nzima ulikuwa fundi wa friji, umepiga magoti jikoni kwa watu, kichwa kimezama nyuma ya mashine. Wakakuita Baridi, nawe ukaitika. Lakini Jumamosi asubuhi ulipangusa kioo cha gari kwa fulana yako kuukuu, ukaita, "Haya, twendeni macho yakaione bahari." Hapo kesi ilianza, maana sheria yako ilikuwa moja: kiti cha mbele ni cha aliyechoka kuliko wote.

Tulijitetea palepale mlangoni, mabegi mkononi. Dada, binti yako nesi, alisema amekesha wodini amesimama; mumewe alitangulia nyuma mwenyewe. Kitinda mimba alisema ana mtihani.

"Mtihani haujakuchosha, umekutisha," ukamwambia. "Pita nyuma."

Mama hakujitetea hata siku moja. "Mimi sijachoka, mpeni mwenzangu," alisema. Wewe ulimtazama miguu ilivyovimba kwa cherehani, ukamfungulia mlango wa mbele. Siku moja alikuuliza, "Na wewe ukichoka, utakaa wapi?"

"Mimi si nimekaa tayari?" ukajibu, ukashika usukani.

Uliendesha kama uliyebeba mayai. Barabara ile ya pwani ina kona nyingi, na kila kona ulipunguza mwendo ili tuione bahari ikitokea. Malori yalitupigia honi mpaka tukaona aibu.

"Mwenda pole hajikwai," ulisema.

"Wala hafiki," Mama akakujibu, na wewe ukawa wa kwanza kucheka.

Tulifika, lakini. Kwenye ile nyumba ya wageni yenye mapazia ya bluu sisi tulilala hadi jua likapanda. Wewe ulisikia friji ya jikoni ikinguruma vibaya, ukaomba bisibisi. Mama alilalamika kwamba hayo si mapumziko. Ulimjibu kwamba kazi isiyo na malipo haichoshi. Mpaka leo sijui kama ulikuwa unatania.

Halafu ukaugua. Jumamosi ya mwisho ulitoka ndani taratibu, ukampa Dada funguo, ukazunguka upande wa pili, ukakaa kiti cha mbele. Hakuna aliyebisha. Kitinda mimba alilia nyuma njia nzima bila sauti, nawe ukajifanya unatazama maji.

Tangu tukuzike, gari limekwenda sokoni na gereji tu. Kiti cha mbele tunawekea mifuko. Mama alikuuguza, akakuzika, akapokea wageni, akarudi kwenye cherehani, na kila tukimwambia apumzike anajibu, "Sijachoka." Amekonda, Baba. Tumeogopa mwaka mzima kwamba naye atatuponyoka hivihivi akiwa amesimama, na sisi wenyewe hatuna tena nguvu ya kumbembeleza.

Jumamosi iliyopita tulimwomba twende. Dada alishika usukani. Mimi, kitinda mimba na shemeji tulikimbilia nyuma, maana hakuna aliyetaka kushinda kesi hiyo. Mama alibaki nje, mkono kwenye mlango, akikitazama kile kiti.

"Jamani," akasema, "mimi nimechoka."

Akakaa mbele, akaomba tumlazie kiti. Kabla hatujakipita kituo cha mafuta alikuwa amelala, mdomo wazi. Dada akapunguza mwendo, malori yakaanza honi zao, na bahari ilipotokea kwenye kona ya kwanza hakuna aliyemwamsha.

Unakumbukwa na mkeo; binti yako nesi na mumewe, ambaye bado anakaa nyuma bila kujitetea; mimi wa katikati; kitinda mimba, aliyefaulu ule mtihani; dada yako, shangazi yetu; mafundi wenzako wa karakana; na mwenye nyumba ya wageni, anayesema friji imeanza kunguruma tena.

Daima tutakukumbuka, Baba, na tutakwenda polepole.