Somo, Nimeolewa Kule Saadani

Somo yangu Bi Tatu,

Shikamoo. Najua marahaba yako haitanifikia, lakini siwezi kukwambia neno bila kuitanguliza. Ungenirudisha mlangoni, kama ulivyonirudisha siku ile ya kwanza nilipoingia kwako, nina miaka kumi na saba na mfuko wa nguo mkononi, nikakimbilia kueleza shida yangu. "Toka, uingie tena kama mtu," ulisema. Nikatoka, nikaingia tena kama mtu. Nikakaa miaka kumi na minne.

Nakuandikia kutoka chumba kile kile, nimekaa juu ya mkeka tuliokuwa tukiwakalisha maharusi. Nimeolewa, Somo. Leo ni siku ya tisa. Mume ni Shabani, yule muongoza wageni wa Saadani aliyekuwa akikuletea kamba wakavu, ukamwambia ana miguu ya korongo. Ulimpenda. Hukuwahi kusema, ila kila akija ulimpa kiti chenye mgongo.

Habari njema nimeitanguliza. Zilizobaki zinataka mtu akae chini.

Tangu uondoke, kazi haikusimama. Arobaini yako ilipopita tu, akaja binti mmoja kutoka Dar na mama yake, hawakuwa na habari, wakauliza Bi Tatu yuko wapi. Nikawaambia. Mama mtu akalia, kisha akafuta uso na kuuliza kama nafasi ya Jumamosi bado ipo. Sikumlaumu. Nikatwanga liwa ya kumsugua mwili, nikachuja hina kwa kitambaa chako, nikampaka yule binti maua mpaka kiwikoni. Alipoondoka nikakaa nikakitazama chetezo cha udi kikizima chenyewe. Hivyo ndivyo siku zangu zilivyokuwa. Nyumba inajaa wanawake na vicheko, wanatoka wote mara moja, nabaki mimi na harufu ya udi.

Wazee wa Shabani walipopeleka posa kwetu Kerege, baba alifurahi sana. Unamjua baba, furaha yake huijui mpaka umwone anafagia uwanja mwenyewe. Shangazi Mwanahamisi, aliyenilea baada ya mama kufariki, akaanza hapo hapo kupanga: turubai kubwa, ngoma, pilau ya sufuria kumi, siku saba. Mimi nilikuwa nasikiliza, lakini akilini nilikuwa na jambo moja tu. Siku hizo saba, nyuma yangu atakaa nani?

Kwa sababu mimi ndiye ninayejua bibi harusi anashikwa wapi akianza kutetemeka. Hapa, chini ya shingo, kwa kiganja kilichopashwa moto juu ya chetezo. Nimewashika wengi mno. Aliyekuwa anishike mimi ni wewe. "Yako itakuwa siku saba kamili," ulikuwa ukisema, "na mtu mwingine asiguse hata kidole chako." Ukaenda zako.

Nilijaribu, wallahi. Nilifikiria kumwita yule dada mpakaji wa Mwenge mwenye mkono mwepesi. Kila nikishika simu nampigia mtu mwingine.

Basi siku moja nikamwambia Shabani sitaki harusi. Akadhani simtaki yeye. Nilipomweleza, akaniuliza kama nakumbuka alivyokuwa akitusimulia juu ya ufuko ulio kaskazini ya kijiji chao, mwendo wa saa moja kwa miguu, pale vichaka vinapoishia na mchanga ukaanza, ambapo asubuhi unakuta nyayo za wanyama zimekwenda mpaka majini. Alisema, "Ndoa si turubai, Mwajuma. Ni walii, mashahidi, mahari na ridhaa yako. Hivyo vyote vinabebeka."

Nikalishika neno hilo. Vinabebeka.

Tukapanga kwa miezi miwili. Somo, usinicheke, nilikuwa na furaha. Baada ya mwaka mzima nilikuwa na jambo la kushughulikia lisilonuka udi. Shabani alikwenda kuomba ruhusa hifadhini. Akamwambia ofisa tutakuwa watu saba, ofisa akaandika sabini, akaanza kumweleza habari za vyoo. Ilibidi amhesabie kwa vidole: sisi wawili, sheikh wa kijiji, mashahidi wawili, mama yake mdogo Bi Zainabu, na askari mwenye bunduki kwa ajili ya nyati. Yule ofisa akamtazama, akamuuliza kama kuna ugomvi nyumbani.

Maji nayo yalikuwa na shauri lake. Yakijaa, mchanga wote unamezwa, kwa hiyo tulichagua siku ambayo yangekuwa yametoka mbali asubuhi. Sheikh aliuliza mambo mawili, kama nyati wapo na kama baba yangu ameridhia. Shabani akamjibu kweli kwa yote mawili: nyati wapo, na mzee bado hajaambiwa.

Mimi nilitaja mahari yangu, Msahafu na viatu vya kutembelea porini. Shabani akaniletea buti za kahawia, nzito, nikawa nazivaa kila alfajiri na kutembea ufukweni ili miguu izizoee, baibui juu, buti chini. Wauza samaki walinizoea. Mmoja aliniita askari jeshi, nikamwitikia.

Kisha nikaenda Kerege kumwambia baba.

Nilimkuta anafua nazi nyuma ya nyumba, shangazi amekaa anazihesabu. Nikaeleza yote, ufuko, ruhusa, sheikh, siku. Shangazi akaweka mikono kichwani. Akasema harusi ya kujificha ni ya mwenye la kuficha, na macho yake yakashuka tumboni kwangu yakakaa hapo. Nilikuwa namtazama baba. Alimaliza nazi aliyoishika, akaiweka chini polepole, akauliza swali moja.

"Na mimi nitakaa wapi huko?"

Somo, alikuwa ananiuliza swali kubwa. Mimi nikalijibu kama anaulizia kiti. Nikasema, "Hakuna kukaa, baba. Ni shughuli ya dakika chache, tutasimama tu."

Nikaona afadhali nimpe sababu yangu ya kweli. Nikamwambia siwezi harusi ya siku saba na wewe hupo, kwamba kila nikifikiria kuukalia mkeka naona nafasi yako nyuma yangu, pumzi inanipotea. Nililia nikisema. Yeye alikuwa anaangalia minazi yake.

"Basi mwenye harusi ni marehemu," alisema. Hakukasirika. Alisema kama mtu anayesoma kibao cha njiani.

Halafu akaniambia hatazuia jambo la kheri. Atampa sheikh uwakili wa kuniozesha, sharia inaruhusu. Ila miguu yake, alisema, haiwezi tena mambo ya porini. Miguu hiyo hiyo inayozunguka shamba lile kila siku tangu kupambazuke.

Unajua nilivyotoka pale? Nimefarijika. Nilipanda gari kurudi Bagamoyo, njia nzima nikisema moyoni alhamdulillah, limepita.

Tulikwenda Saadani siku moja kabla, tukazungukia Msata, buti zangu mapajani. Jioni sheikh alimpigia baba, akaweka simu wazi ili mashahidi wasikie. Sauti ya baba ikatoka safi kabisa, kama yuko chumba cha pili: "Nimekuwakilisha umwozeshe binti yangu Mwajuma kwa Shabani, kwa mahari waliyokubaliana." Sheikh akashukuru. Nilikuwa nimenyoosha mkono kuipokea simu. Baba alikuwa ameshakata.

Mapema mchana huo nilijipaka hina, barazani kwa Bi Zainabu. Wa kushoto niliupaka bila shida. Nilikuchorea lile jani lako la mhina lenye mishipa, mpaka juu ya kifundo, hata wewe ungelitazama mara mbili. Kisha nikahamishia koni ya hina mkono wa kushoto ili nipake wa kulia. Miaka yote hiyo sikuwahi kuwaza jambo hili. Mpakaji ana mkono mmoja tu wa kujipaka. Mstari ulikwenda ukiyumba kama siafu aliyelowa. Nikaufuta haraka, na unajua hina, haifutiki, ikabaki alama ya rangi ya chai.

Bi Zainabu alikuwa anageuza samaki wake kwenye kichanja. Akaja, akaosha mikono kwa ndimu, akasema yeye hajui maua, anajua kuchovya ncha za vidole tu kama walivyokuwa wakifanya zamani, je, anichovye? Nikakataa. Nikasema kwa adabu zote, usijisumbue mama, nimezoea. Yule mama alinitazama kidogo akarudi kwa samaki wake. Nimezoea nini, Somo? Mtu huzoea vipi?

Asubuhi tukatembea. Sheikh alifungua mwavuli ingawa jua lilikuwa bado dogo, askari mbele, sisi nyuma. Twiga wawili walisimama pembeni wakitutazama kama majirani. Ufukoni maji yalikuwa yametoka mbali kama tulivyopanga, na mchanga ulikuwa mgumu, umejaa nyayo za ngiri na za ndege. Kila kitu kilikuwa kama nilivyokiomba. Sheikh akaniuliza ridhaa yangu, nikaitoa. Akasoma hotuba, akamshika Shabani mkono, akamwozesha. Shabani alisema nimekubali kwa sauti iliyokatika, machozi yakamtoka mbele ya askari, hakuyaficha. Namshukuru Mungu kwa mtu huyu. Nataka ulijue hilo kabla sijaendelea.

Ndipo Bi Zainabu akapiga kigelegele.

Kigelegele huitikiwa, Somo. Umepiga vingapi, nimeitikia vingapi. Mmoja anaanza chumbani, jikoni wanapokea, uani wanapokea, mpaka jirani asiyejua kuna nini naye anapiga. Kile cha Bi Zainabu kilitoka kikaenda juu ya mchanga, kikaenda juu ya maji, hakuna aliyekipokea. Akapiga cha pili, chembamba zaidi. Akaacha. Sheikh akakohoa. Nikageuka nyuma bila kujijua, na nyuma kulikuwa na nyayo zetu watu saba zikitoka vichakani, basi.

Nilidhani upweke nimeuacha kwenye huu mkeka. Kumbe nimekwenda nao mpaka Saadani, umevaa buti.

Shabani aliona. Alichukua mkono wangu wa kulia, huo wenye doa, akatembea nao njia yote ya kurudi.

Tumerudi hapa Bagamoyo, amepewa likizo fupi. Juzi alasiri shangazi Mwanahamisi akabisha hodi. Nilijikaza nikitegemea maneno. Hakuwa nayo. Alikunywa chai, akamsifu Shabani kwa kuteka maji mwenyewe, kisha akanihadithia ya Kerege.

Asubuhi ile ya ndoa, baba alioga mapema. Akavaa kanzu mpya. Somo, alishonesha kanzu. Aliishonesha tangu posa ilipopokelewa, akaificha kwenye sanduku lake, hata shangazi hakujua. Akavaa kofia, akajitia manukato, akatoka akakaa barazani. Shangazi akamuuliza kama anakwenda mahali. Akasema hapana. Watu wakapita wakielekea barabarani, kila mmoja akimwuliza, mzee, leo kuna nini? Akawajibu wote neno moja, "Namwozesha binti yangu." Wakampa hongera, wakatazama ndani, wakaona hakuna turubai, hakuna watu, wakaenda zao. Alikaa hivyo peke yake mpaka adhana ya adhuhuri. Ndipo akaingia, akaikunja kanzu, akaenda shamba.

Shangazi alipoondoka nikaosha kikombe chake cha chai.

Mwaka mzima nilijiona ni mimi tu niliyeachwa bila mtu nyuma yake. Nikalifanya jina lako kuwa mlango, nikajifungia, na mzee wangu nikamwacha nje ya mlango huo amevaa kanzu mpya. Na wewe hukuniomba. Ulikuwa ukinituma Kerege kila mwezi, hata kazi ikiwa imetuzidi, ukisema baba ana mtoto mmoja na wewe una maharusi mia. Hilo nililisahau, nikakumbuka zile siku saba tu.

Bado ninakulilia. Sitakudanganya kwamba nimeacha, wala kwamba jambo hili limenitibu. Asubuhi ya leo nimechanganya hina nikaweka vikombe viwili vya chai, kama kawaida yangu, nikamwaga kimoja. Shabani ananifariji, lakini hakuwahi kukusikia ukiimba unapochuja, na mimi siwezi kuimba kama wewe nikamwonyesha.

Kesho ni Ijumaa. Tutapita makaburini kwanza, nikusomee Yasini, Shabani akung'olee yale majani yaliyoota upande wa kichwani. Kutoka hapo tunakwenda Kerege. Sijampigia simu, naogopa ataniambia yuko shamba. Nitavaa nguo zangu za harusi, Shabani kanzu, na nitamwomba baba avae yake. Msamaha nitaomba, ingawa sijui nitaanzia wapi.

Lala salama, Somo yangu. Mungu akupanulie kaburi. Nakuahidi maharusi watakaokuja kwako wataendelea kushikwa pale pale ulipouweka mkono wangu. Na hili la pili nakuahidi zaidi: kesho nitakaa barazani pembeni ya baba mpaka adhuhuri, na kila atakayepita akiuliza leo kuna nini, nitamwacha baba ajibu.

Mwanao,
Mwajuma