Kopo Ulilonipa Nibebe

Baba,

Ulipokuwa hai sikuthubutu kukuita hivi ukinitazama. Mimi ni mke wa mwanao, na kwetu Unyiha mkwe na mkwewe hukwepana hata njiani. Chakula chako nilikiweka mlangoni nikageuka. Sasa umelala nyuma ya mibuni na mimi nakuandikia macho makavu. Sioni aibu. Sioni kitu chochote, kusema kweli.

Kahawa tumeichuma. Mwanao alikuja kukuzika, akarudi Tunduma kwenye kazi ya reli. Siku ya msiba watu walilia sana, mimi nikasonga ugali.

Unakumbuka asubuhi hospitali ilipotaka makohozi yako yapimwe kifua kikuu? Mwanao hayupo, Mama, mkeo, miguu imemvimba, nikabaki mimi. Ulilisukuma kopo kwa fimbo mpaka kizingitini, limefungwa kwa kitambaa safi, nikalipeleka maabara. Majibu yakaja kwamba hakuna vijidudu. Tukachinja kuku.

Juzi ndipo Mama akanieleza. Alfajiri ile ulikohoa kweli, ukayafukia makohozi chini ya mgomba, ukasukutua kinywa, kisha ukatema mate tu koponi. Ukamwambia, "Mkwe wangu hawezi kubeba uchafu wa kifua changu."

Sasa wangeona nini, Baba? Ugonjwa ulikuwa chini ya mgomba.

Msibani jirani mmoja alisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nilimkasirikia, na bado nimemkasirikia. Wewe hukuficha maradhi. Uliniheshimu mimi, na heshima hiyo ndiyo iliyokuondoa. Sijui niiweke wapi.

Mama alinieleza haya kwa sababu na mimi nakohoa. Nimekonda, usiku natoka jasho. Nilipoletewa kopo nilitaka kusukutua kwanza, maana nani anapenda kuonyesha vile vitu? Mama akaninyang'anya kikombe cha maji. "Kohoa, mwanangu, toa cha chini kabisa. Mimi si mgeni." Nilikohoa mpaka nikashika ukuta. Akalichukua kopo, akajikongoja na miguu yake ile mpaka barabarani kungoja lori.

Wameviona. Mtu wa maabara amesema vijidudu vinatokea vyekundu kwenye rangi ya bluu, na vyangu ni vingi. Mama alirudi analia. Mimi nilifurahi, Baba. Ndiyo furaha yangu ya kwanza tangu tukuzike, na ni ya kuambiwa naumwa. Lakini kilichoonekana kinatibiwa. Nimeanza sindano, zinauma, nakwenda.

Nakuahidi sitaacha dawa katikati. Na mjukuu wako akija kuoa, nami kifua kikinisumbua uzeeni, mkewe atabeba kopo langu lenye makohozi yangu ndani. Tutaoneana aibu, halafu itapita.

Lala salama, Baba. Ungenipa lile lenye makohozi, ningelibeba.

Mkweo