Wananipenda, Wanafeli

Jumatatu, 4 Novemba
Chai, kisha darasa la asubuhi. Maji ya chini ya ardhi, mwaka wa pili. Nimewaeleza jinsi mvua inavyozama mchangani, inavyopenya nyufa za mwamba, inavyotembea gizani miaka na miaka bila haraka. Ukumbi kimya. Nikasahau nilipo. Nilijiona niko huko chini, naelea. Sina saa ninayoipenda kama hiyo.

Jumatano, 6 Novemba
Maoni ya wanafunzi wa mwaka jana yamefika. "Dokta anafundisha kama anasimulia ndoto." "Kipindi kitamu kuliko vyote." Nimesoma nikitabasamu peke yangu kama mwehu.

Mchana Profesa, mkuu wangu wa idara, akaniita. Nikamwamkia, akaitikia bila kuinua macho. Mezani alikuwa na maoni yale yale, na kando yake matokeo ya mtihani wao. Swali la kisima, yaani maji yatashuka kiasi gani pampu ikivuta, karibu wote wamekosa.

"Wanakupenda mno, Dokta. Ila hawajui."

Nirekebishe kozi muhula huu, la sivyo atapewa mhadhiri mwingine. Nikasema mtihani ulikuwa mgumu. Mtihani niliutunga mwenyewe.

Ijumaa, 8 Novemba
Nina hasira. Nimetembea mtaa wa Area D mpaka jua likalegea, vumbi likawa rangi ya dhahabu, nyumba zikawa kama zimechorwa. Hasira haikuisha.

Jumatatu, 11 Novemba
Nimewauliza darasani, waziwazi: nikimaliza kusema, mnabaki na nini? Akasimama Zainabu, binti wa Kondoa anayekaa mbele.

"Samahani Dokta. Ukiongea nayaona maji kabisa. Nikifika hosteli nimweleze mwenzangu, sina cha kusema. Kama nimeamka, ndoto imepotea."

Wenzake wakacheka kwa aibu, wakatikisa vichwa kukubali. Imeniuma. Kumbe naota mimi, wao wanatazama tu.

Jumatano, 13 Novemba
Nimeifumua kozi. Naeleza kidogo, nanyamaza. Wao wanachora, wanakokotoa, wanaelezana wawili wawili. Kelele kama gulioni. Nilisimama dirishani sina kazi, nikiyatazama mawingu yanayopita bila kunyesha. Kama nimefiwa.

Alhamisi, 28 Novemba
Nimewaomba maoni ya katikati ya muhula. "Tulisikia zamani kipindi hiki kilikuwa kitamu." "Dokta amechoka?" "Tunafanyishwa kazi sana."

Nimelia ofisini. Kidogo. Jaribio ni Jumatatu. Nikikosa na huko, nimebaki na nini?

Jumanne, 3 Desemba
Nimesahihisha. Swali la kisima wengi wamelipata. Si wote. Wengine wamelifikia kwa njia ambayo sikuwafundisha, na ni sahihi. Nilirudia kuzisoma karatasi hizo mpaka herufi zikaanza kuogelea.

Nikampelekea Profesa yote mawili, maoni na matokeo. Akasoma taratibu.

"Safari hii hawakupendi."

"Ndiyo, Profesa."

"Endelea na kozi yako."

Jumatano, 11 Desemba
Mvua ya kwanza ilipita alfajiri. Tumekwenda na wanafunzi Makutupora, kwenye mashamba ya mizabibu. Mama mwenye shamba alilalamika kwamba maji yake yanashuka kila jirani akiwasha pampu. Nikafungua mdomo. Nikaufunga.

Yohana, kijana wa Kongwa, akachuchumaa na kuchora kwa kijiti kwenye udongo mbichi, akimweleza kwa Kigogo. Mama akauliza. Yohana akafuta, akachora upya. Zainabu akaongeza visima viwili. Mama akauliza tena.

Mimi Kigogo sikijui. Nilikaa pembeni kwenye jiwe, nikasikiliza sauti zao zikipanda na kushuka, majani yakidondosha matone. Hakuna aliyenitazama.

Baadaye mama akatuletea maji kwenye jagi. Yana chumvichumvi. Tukanywa.