Mashavu ya Mayu

Kasoli, 3 Februari 2024

Mwanangu Joyness,

Hujambo huko Mwanza? Wanafunzi wako bado wanakuchosha? Sisi tupo, baba yako mzima, ingawa hajui kama nakuandikia. Simu anashika yeye, na haya sitaki ayasikie.

Nimenawiri. Uso umejaa, mashavu kama ya bibi harusi. Kanisani akina mama wananishika mikono, wanasema Minza amepona. Kwenye kigoda nainuka mwenyewe. Basi vile vidonge vya misuli nimeviacha, nimevifunga kwenye kitambaa, nitavimeza nikizidiwa tena. Na dripu ya saratani sirudi. Ile inanitapisha mpaka natamani kufa. Kesho naingia shambani kupalilia pamba.

Mayu wako

Mwanza, 9 Februari 2024

Mwangaluka Mayu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila barua yako imenikata maini. Mashavu hayo yamevimbishwa na vidonge, siyo afya. Nimemuuliza daktari wako wa huku, anasema havikatwi ghafla, vinapunguzwa kidogo kidogo, yeye mwenyewe akikuangalia. Na alishatueleza kwamba uvimbe wa titi ndio uliochokoza misuli. Tukiuacha, misuli italegea tena. Jua nalo linauchochea ule upele wa ngozi yako, mwachie baba jembe.

Nenda zahanati leo, wampigie daktari, ufuate atakachosema. Nimechoka kukubembeleza, Mayu, lakini sitaacha.

Mwanao Joyness

Kasoli, 2 Machi 2024

Joyness mwanangu,

Salamu nyingi. Afya yangu usiulize. Barua yako ilikaa kwa kondakta wa basi siku nyingi, ikanikuta kitandani. Mikono haipandi hata kufika kichwani, naandika karatasi ikiwa tumboni. Ugali haushuki, na uji unarudi puani. Vidonge nimerudia kama daktari alivyoagiza kwa simu ya zahanati.

Baba yako ndiye ananichana nywele. Wenzake wakipita wanacheka, yeye anaendelea tu. Usimlaumu, mkaidi ni mimi.

Najua amekupigia na mmeshapata gari la Jumatatu la kunileta hospitali huko Mwanza. Lakini nina sharti ambalo nisingeweza kulisema kwa simu, naye amekaa hapa. Misuli watibu, nataka kumeza chakula. Dripu nitajaribu tena. Ila siku nikisema basi, iwe basi. Usinibembeleze, unirudishe nyumbani. Nimechoka, mwanangu, kuliko unavyojua.

Nijibu kesho kwa basi hilihili linaloleta barua hii. Bila jibu lako sipandi gari.

Mayu wako

Mwanza, 3 Machi 2024

Shikamoo Mayu,

Natumaini umeweza kulala. Nimemfuata daktari nyumbani kwake, akanivumilia. Anasema kwanza watashughulikia kumeza, wakupe na dawa ya misuli kwa kipimo kingine. Dripu wataipanga upya, na safari hii utapewa dawa ya kuzuia kutapika. Nikamuuliza kama utapona. Akasema atafanya kazi yake, asiniahidi kitu.

Sharti lako nimelichukia. Nimeandika hapana, nikachana karatasi. Nimeandika barua ndefu ya kukuomba uvumilie, nayo nikaichana. Kisha nikakumbuka kwamba mimi hukaa kwenye benchi nje ya wodi, na anayechomwa sindano ni wewe.

Kondakta ananisubiri, anapiga honi. Nimekubali, Mayu. Panda gari.

Mwanao Joyness