Viza ya Bi Kijakazi

Loveness, mwenzio nimeishiwa nguvu. Mishi kazikwa leo Maskati, na mama yake, Bi Kijakazi, yuko hapahapa Pangani!

Si unajua Bi Kijakazi aliombewa viza ya mtandaoni pale steshenari, aende akamuuguze? Kila asubuhi anapita kuuliza. Anajibiwa, "Bado mama, utaletewa ujumbe kwenye simu." Kisimu chenyewe cha tochi!

Leo ndo yule dada wa steshenari kafungua baruapepe yake. YAKE, Lovu! Ndiyo aliyoijaza kwenye fomu kwa kuwa mama hana, halafu akasahau. Viza ilitoka Jumatatu. Leo Ijumaa. Tangu Jumatatu, shoga!

Bi Kijakazi hakulia. Kauliza tu, "Wamenipa siku ngapi?"

"Thelathini, mama."

"Mie nilitaka moja."