Tumpe Alibisha Hodi Ofisini Kwangu, Nikamrudisha kwa Mkwewe

Mpendwa Bi Imelda, shikamoo. Nisaidie kabla mwezi haujaisha, maana kuna karatasi natakiwa kuitia sahihi na mkono wangu unakataa. Majina ya wote nimeyabadilisha.

Mimi ni msichana wa miaka ishirini na saba, nimekulia Tunduma karibu kabisa na mpaka, ambako tunaishi watu wa kila kabila na ukimtaka mtu unamwita tu mnamalizana, nikaenda chuo kusoma sosholojia, na somo nililolipenda kuliko yote ni lile la jamii na taasisi, yaani namna watu wanavyoishi na kutendeana ndani ya kampuni, ofisi, hospitali, hata jeshini, nikapata alama ya juu mpaka mwalimu akaisoma kazi yangu mbele ya darasa, kwa hiyo nilipoajiriwa mwaka huu kuwa ofisa utumishi kwenye kituo kimoja cha kukaushia kahawa huku Mbozi, kwa majaribio ya miezi sita, nilijiona nimekuja kuwafundisha watu kazi.

Pale kituoni watu hufanya kazi wawili wawili kwenye vichanja, zile meza ndefu za wavu tunazoanikia kahawa, na kuna mama mmoja, Jenista, mpishi wa uji, ambaye nilimwona kutwa anazunguka na kikombe mkononi kutoka kichanja hadi kichanja, ananong'ona na huyu, anacheka na yule, uji wenyewe unaungua, nikasema huyu ndiye mpoteza muda mkuu, nikachora mchoro wa uongozi wenye masanduku na mishale nikaubandika ukutani: mpishi abaki jikoni, mfanyakazi asiondoke kwenye kichanja chake, na neno lolote lipitie kwa msimamizi. Meneja wetu, Bwana Sadoki, aliupenda mno akaupiga picha.

Sasa msimamizi wa vichanja vya chini ni Mzee Rabson, na kichanja namba saba nilimwacha palepale Tumpe, mke wa mwanawe, nami nilijua hilo nikaona ni heri, watu wa nyumba moja wataelewana, kumbe hawa ni Wandali wa Ibaba waliohamia huku na nyumba yao bado inashika mwiko wa ukwe: mkamwana hasemi na baba mkwe, hatamki jina lake, hamtazami usoni, wakikutana njiani mmoja anampisha mwenzake. Miaka yote Tumpe akiwa na neno la kazi alimwambia Jenista na Jenista akalifikisha kwa mzee, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, nami sikuuliza.

Wiki mbili zilizopita mvua ilinyesha siku nzima, kahawa ikafunikwa maturubai, kesho yake jua likatoka kali, na turubai halifunuliwi bila amri ya msimamizi, na yule mwenzake Tumpe alikuwa ameenda msibani, na Jenista haruhusiwi kutoka jikoni kwa mchoro wangu, basi Tumpe akaona kahawa inatoka jasho na inaanza kunuka, akasogea hatua chache kumwelekea mzee huku anagonga ndoo ili ashtuke, na mzee kwa heshima zake akadhani anataka kupita, akampisha, akaenda zake upande wa pili. Ndipo akaja mlangoni kwangu akabisha hodi, akasema, "Dada, kule namba saba..." na mimi bila hata kuinua kichwa nikamjibu, "Pitia kwa msimamizi wako." Akasema, "Haya, dada," akaondoka. Kahawa ya kichanja kizima ikaota ukungu.

Kwenye kikao aliulizwa kwa nini hakusema, Mzee Rabson akiwa ameketi mle mle, naye akajifunika kitenge usoni hakujibu neno, meneja akaandika "hana la kujitetea," na sasa natakiwa kutia sahihi taarifa ya kumwachisha kazi kwa uzembe. Bi Imelda, hakuna anayejua kwamba alikuja kwangu, na yeye hajanisema kwa mtu. Nikisema ukweli, majaribio yangu yanaisha mwezi ujao na sidhani kama nitabakizwa, nikinyamaza kila nikimwona anainama kwenye kile kichanja najichukia. Nifanye nini?

Ni mimi, Mwenye Mchoro, Mbozi.

*

Marahaba, mwanangu. Pole sana, na pole yangu ni ya kweli, maana mtu asiye na haya asingeandika barua ndefu hivi. Angetia sahihi akaenda kunywa chai. Lakini kaa hapo nikuseme kidogo.

Ulisoma habari za taasisi ukafaulu, halafu ulipoingia kwenye taasisi yenyewe ukazisahau. Nina hakika mwalimu wako aliwaambia kwamba kila mahali pa kazi pana mipango miwili: ule uliobandikwa ukutani, na ule ambao watu wamepatana wenyewe kwa miaka, na mara nyingi huu wa pili ndio unaoifanya kazi iende. Wewe uliukuta unatembea na kikombe cha uji, ukaufungia jikoni! Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake, mama. Mimi nimewahi kuwa karani Tunduma, kwenye ofisi ya wakala wa forodha. Bosi alikuwa na kiti cha kuzunguka, lakini dereva wa Zambia akikwama alimtafuta mlinzi wetu, Manase, aliyejua Kibemba na kujua nani kagombana na nani. Siku Manase alipokwenda kuzika kwao tulikaa ofisi nzima tunatazamana, bosi na kiti chake.

Na hilo la kikao limeniuma. Eti hana la kujitetea. Alikuwa nalo, ila hamkumwachia njia ya kulisema. Mkamwana aliyenyamaza mbele ya mkwewe hakukiri kosa, alishika adabu, na Mzee Rabson naye alimpisha kwa adabu hiyohiyo. Usije ukaniambia ni mambo ya kizamani. Wao wana mwiko wao, nawe ofisini ulikuwa na wako, kwamba neno lisimruke msimamizi. Wa kwao ulikuwa na Jenista wa kuulainisha. Wako haukuwa na mtu.

Sasa sikiliza. Hiyo karatasi usiitie sahihi. Nenda kwa Bwana Sadoki mwenyewe, asubuhi, peke yako, na taarifa nyingine mkononi. Sentensi yake ya kwanza iwe hii: Tumpe alikuja ofisini kwangu siku hiyo, nami nilimrudisha. Usiipambe. Baada ya hapo eleza jinsi mchoro wako ulivyoziba njia ambayo maneno yalikuwa yakipita, na hapo ndipo elimu yako itakapomfaa mtu. Mchoro ubandue kwa mikono yako. Tumpe muulize kama anataka msimamizi mwingine, usimwamulie tena. Jenista aachwe azunguke na kikombe chake, na tafadhali usimchoree sanduku kwenye mchoro mpya, maana siku akipewa cheo watu wataanza kumficha mambo.

Unaweza kukosa kazi? Unaweza, sitakudanganya. Lakini wewe una cheti, utabisha hodi kwingine. Tumpe akienda kuomba kazi kituo kingine hana cha kuonyesha ila jina lake, na jina hilo ndilo mnataka kuliandikia uzembe. Hajakusema kwa mtu. Kwa wema huo peke yake ulipaswa uwe umeshasimama.

Na kabla ya meneja, kabla ya taarifa, leo leo, nenda ukamwombe radhi. Yeye alikuja kwako ukamwambia apitie kwa msimamizi. Safari hii nenda wewe, na upitie kwa Jenista.